Canterbury hadi Roma kwa treni: anza kupanga pale pasipo na reli

Mtu akiniambia anataka kwenda Roma kwa treni kutoka Canterbury, akiifuata Via Francigena, ile njia ya kale ya mahujaji, swali langu la kwanza si la pesa. Namuuliza atapita vipi Grand-Saint-Bernard, ile njia ya juu ya milima ya Alps kati ya Uswisi na Italia. Safari nzima inaamuliwa pale mlimani, na pale mlimani hapana reli.

Mimi naishi Kent, na Canterbury kwangu ni mwendo mfupi tu wa treni. Aliyenitia katika shughuli hii ni mama yangu mdogo wa Dar es Salaam, ambaye alikuwa ameweka nia ya kupita Mlango Mtakatifu wa Basilika la Mtakatifu Petro kabla Mwaka wa Jubilei wa 2025 haujafungwa. Mama mdogo ni mzaliwa wa Muheza kama sisi wote, akakulia katika Uanglikana, kisha akaolewa Rombo na kupokelewa katika Kanisa Katoliki. Alipopiga simu nilidhani ataniuliza habari za ndege. "Roma kwa ndege hata kesho nafika, baba," akaniambia. "Mimi nataka kupita walikopita mahujaji. Na nianzie huko kwenu Canterbury, nisije nikaonekana nimewasahau walionibatiza." Magoti yake hayawezi kilomita 20 kwa siku, na njia yenyewe ina kilomita kama 2,000. Tukabaki na treni.

Ramani ya kuanzia ipo, na ni ya zaidi ya miaka elfu. Mwaka 990 Askofu Mkuu Sigeric wa Canterbury alikwenda Roma kupokea Pallio Takatifu, ule mkanda wa sufu nyeupe wa askofu mkuu, kutoka kwa Papa Yohane XV. Mama hakuhitaji maelezo hapo, maana maaskofu wakuu wetu nao huipokea. Wakati wa kurudi, mtu katika msafara wake aliandika majina ya mahali walipopita, vituo 79, na hati hiyo imehifadhiwa British Library, London. Orodha inaanzia Roma na kuishia ufukweni mwa Ufaransa, kwa hiyo anayekwenda Roma huisoma kutoka chini kupanda juu. Niliichapa, nikaibandika kwenye friji, nikawa kila nikitoka zamu naweka alama: kijani penye stesheni, nyekundu pasipo na kitu.

Ilipojaa alama nikaona jambo ambalo tovuti za kuuza tiketi haziwezi kukuonyesha. Wahandisi wa karne ya 19 walipitisha reli mabondeni, na mahujaji nao walipita mabondeni, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari reli na njia ya Sigeric zinakwenda bega kwa bega. Zinaachana sawasawa mahali patatu: baharini kati ya Dover na Ufaransa, kwenye milima ya Alps, na vilimani kati ya Siena na Viterbo. Ukiweka Canterbury na Roma kwenye programu ya simu, itakupeleka London, Paris, pengine Milano, kwa treni za kasi, na hutaona hata kimoja katika vituo vya Sigeric ukiondoa cha mwisho. Mwenye kutaka njia ya kale inabidi apange mapengo kwanza. Treni zitajipanga zenyewe, kwa kuwa treni ni nyingi. Mabasi ya kupanda mlimani ni machache na yana msimu.

Barabara ya juu ya Grand-Saint-Bernard ina mwinuko wa mita 2,469 na hufungwa na theluji sehemu kubwa ya mwaka. Kwa kawaida hufunguliwa kuanzia Juni hivi hadi katikati ya Oktoba, na mabasi ya juu kabisa hufuata msimu huo. Mlango Mtakatifu nao ulitaka kujiandikisha mapema, bure, kwa kuchagua siku na saa. Basi tulikuwa na vigingi viwili: mlima usiwe umefungwa, na siku ya Mlango Mtakatifu isitupite. Tukachagua Septemba, joto la Italia likiwa limepungua na barabara bado iko wazi. Siku ya kulala mlimani niliipanga kabla ya kitu kingine chochote, nikahesabu kurudi nyuma hadi Canterbury na kwenda mbele hadi Roma.

Hesabu hiyo ndiyo iliyotusaidia kwenye viza. Hapa Watanzania wenzangu wengi hubabaika. Viza ya Uingereza ni mbali na ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na moja haikufungulii mlango wa nyingine. Hata mimi ninayeishi Uingereza na kibali halali, kwa pasipoti ya Tanzania naomba Schengen kama mtu mwingine yeyote. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo katika Schengen, kwa hiyo viza moja inatosha Ufaransa, Uswisi na Italia. Ombi linapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ndipo unapeleka kwa nchi utakayoingia kwanza. Watu husikia sehemu ya pili tu, wakakimbilia Ufaransa kwa sababu feri inatia nanga Calais. Siku zetu nyingi zilikuwa Italia, tukaomba Italia, Mama Dar es Salaam na mimi London. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya matibabu isipungue euro 30,000, na ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, likichelewa sana siku 15. Utaombwa ratiba na mahali pa kulala kila usiku. Hoteli zinazokubali kufutwa bila gharama ndizo za kuweka kwenye fomu. Za bei nafuu zisizorudisha pesa zisubiri viza itoke.

Kuhusu pasi za reli, yaani tiketi moja ya kupanda treni nyingi, sheria ni kwamba mkazi wa Ulaya, Uingereza ikiwamo, hununua Interrail, na asiye mkazi hununua Eurail. Kwa hiyo mimi na Mama, tukikaa kiti kimoja, tungekuwa na pasi za majina mawili. Wenye miaka 60 na kuendelea hupunguziwa asilimia 10. Nilipiga hesabu usiku kucha na hatukununua. Treni za mikoa, yaani TER za Ufaransa na Regionale za Italia, kwa kawaida bei yake haipandi kadiri siku inavyokaribia, hazina nafasi ya kuwekewa kwa lazima, na Italia nauli yake ni ndogo kweli. Pasi inamfaa anayeruka nchi hadi nchi kwa treni ndefu, tena kwenye TGV, treni za kasi za Ufaransa, bado atalipia kiti. Anayekwenda polepole mji hadi mji kama sisi anakata tiketi palepale.

Mama lilimshangaza hilo la kutokuwa na kiti. Yeye treni anayoijua ni SGR, ambayo ameipanda hadi Dodoma tangu ilipoanza 2024: tiketi ina jina, behewa na namba ya kiti. "Sasa nitakaa wapi?" Popote, Mama. "Na akija mwenyewe?" Hakina mwenyewe. Hadi tunafika Reims alikuwa bado anamkaribisha kila abiria anayepita kwa uso wa mtu aliyekalia kiti cha watu.

Canterbury tulianza kwenye jiwe la Via Francigena lililo uwanjani, nje ya kanisa kuu, ambapo kilomita zinaanza kuhesabiwa. Kila mmoja akapata pasipoti yake ya hija, kile kijitabu kinachogongwa mhuri kila mji, na mhuri wa kwanza ukawa wa pale. Kutoka hapo hadi stesheni ya Dover Priory ni treni fupi. Pengo la kwanza ndilo rahisi kuliko yote, ila lina mtego wake: si kila feri ya Dover–Calais inachukua abiria wasio na gari. Inabidi uchague meli inayokubali abiria wa miguu na ukate mapema. Bandari iko mbali na stesheni kwa mtu mwenye mizigo, chukua teksi. Ukaguzi wa Ufaransa unafanyika palepale Dover kabla ya kupanda meli, kwa hiyo ukishuka Calais unashuka kama umetoka Kigamboni. Safari ya maji ni kama saa moja na nusu. Sigeric hakutumia Calais. Yeye alivukia karibu na Wissant, kijiji cha ufukweni magharibi yake, ambacho leo hakina treni wala feri.

Kaskazini mwa Ufaransa, kutoka Calais kupitia Arras, Laon, Reims na Châlons-en-Champagne, ni kazi ya TER na uvumilivu. Ratiba ya Jumamosi si ya Jumanne, na ya Jumapili ni nusu yake. Tulipanga siku za wikendi tukae mjini na siku za kazi tusafiri. Watu wengi hupanga kinyume chake, nao huishia kukaa saa nyingi stesheni ya kubadilishia treni, mkahawa umefungwa.

Tazama pia jina la stesheni lote, hadi neno la mwisho. Reims ina ya katikati ya mji, dakika chache kwa miguu kutoka kanisa kuu walikotawazwa wafalme wa Ufaransa, na ina Champagne-Ardenne TGV iliyofunguliwa 2007 pamoja na reli ya kasi, ambayo iko nje ya mji. Besançon hali ni hiyohiyo: Viotte ni ya mji, ile yenye jina la Franche-Comté TGV iko porini. Kwa kijana mwenye begi la mgongoni ni usumbufu mdogo. Kwa mama wa miaka yake, usiku, ni jambo la kupanga mezani wiki nyingi kabla.

Laon ndiyo iliyomnasa Mama. Mji uko juu ya kilima kilichosimama peke yake katikati ya tambarare, stesheni iko chini, na minara ya kanisa kuu unaiona dirishani muda mrefu kabla treni haijafika. Juu ya minara hiyo, katikati ya nguzo, kuna sanamu za ng'ombe. Si malaika, si manabii: maksai wa mawe, wamechungulia bonde kwa vichwa na pembe, wakumbukwe kwa kazi ya kukokota mawe ya ujenzi hadi kileleni. Mama alisimama pale kiwanjani shingo imepinda mpaka nikaogopa. "Hawa wajenzi walikuwa watu wa shukrani," akasema, kisha akataka apigwe picha ambayo ng'ombe angalau mmoja ataonekana. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka nikagusa ukuta wa duka.

Kutoka Châlons kwenda Besançon reli inakupitisha Chaumont, Langres na Dijon. Dijon haimo kwa Sigeric, lakini mzunguko huo hauna budi. Kuvuka milima ya Jura kwenda Lausanne tulipanda TGV moja pekee ya safari nzima, ile inayopita Frasne na Vallorbe, na hiyo tulikata mapema kwa kuwa kiti ni lazima. Jambo moja la simu: laini ya Ufaransa iliyo na data ya Ulaya nzima mara nyingi haiihesabu Uswisi kuwa Ulaya. Tiketi, anwani za malazi, nambari za uhifadhi, vyote viwe vimepakuliwa au vimechapwa kabla ya Vallorbe. Mama alikuwa na vyake kwenye karatasi ndani ya bahasha ya kaki, na mara mbili tatu bahasha ile ndiyo iliyotuokoa.

Kando ya Ziwa Geneva treni inapita Vevey na Montreux, maji upande wa kulia, mashamba ya zabibu kushoto. Baada ya hapo bonde linabanwa na majabali, na hapo ndipo pana mji mdogo wa Saint-Maurice. Watalii wengi hawashuki. Sisi tulishuka kwa makusudi. Abasia yake ilianzishwa mwaka 515 na mfalme Sigismund wa Burgundy, na tangu wakati huo sala haijakatika mahali hapo. 2015 walisherehekea miaka 1,500. Imejengwa kwa kuegemea jabali. Maurice mwenyewe, kwa mapokeo ya Kanisa, alikuwa kamanda wa kikosi cha askari Wakristo kutoka Thebe, Misri ya juu, waliouawa hapo mwishoni mwa karne ya 3 kwa kukataa amri iliyokuwa kinyume na imani yao. Sanamu yake mashuhuri ya karne ya 13 iliyoko Magdeburg, Ujerumani, inamwonyesha mtu mweusi ndani ya deraya. Mama aliisikiliza habari hiyo kimya, akataka nimsomee tena kutoka kwenye kibao. Kisha akaniambia Canterbury tulianza na Augustino aliyetumwa na Papa Gregori na kufika mwaka 597, "huyo si yule wa Afrika, mimi najua, lakini huyu Maurice ni wetu." Nikamwomba asubiri Pavia.

Martigny ndipo reli inapomwacha Sigeric. Treni kubwa inaendelea hadi Brig, inaingia handaki la Simplon, karibu kilomita 20, lililofunguliwa 1906, na kufika Domodossola upande wa Italia. Ukiwa na haraka, au ukisafiri majira ya baridi, pita huko, si dhambi. Wa njia ya kale anashuka Martigny, anapanda katreni kadogo kwenda Orsières, na kutoka hapo basi. Kwa asiyetaka kupanda juu lipo basi la Martigny–Aosta linalopita kwenye handaki la barabara lililofunguliwa 1964, lakini safari zake kwa siku ni chache. Hili ndilo pengo la kulipangia kwa ukali: angalia basi la mwisho kwanza, kisha urudi nyuma kutafuta treni ya kukufikisha.

Nilikuwa na hofu ya baridi kwa ajili ya Mama. Nilisahau kwamba miaka yote ile aliyokaa Rombo haikuwa ya kukaa ufukweni. Kileleni pale pako chini kidogo ya kibanda cha Mandara cha Kilimanjaro, na yeye alishuka kwenye basi kavaa sweta, khanga mabegani, akauliza chai iko wapi. Tulilala kwenye hospisi yenyewe, nyumba iliyoanzishwa na Mtakatifu Bernard kama mwaka 1050, ambayo watawa wake hadi leo hupokea wasafiri majira yote. Sigeric alipopita haikuwapo. Na alijua alichokuwa anakabiliana nacho: mwaka 959 mtangulizi wake katika kiti cha Canterbury, Ælfsige, alikufa kwa baridi kwenye Alps akiifuata pallio hiyohiyo. Habari hiyo nilimpa Mama baada ya chakula, na akaikasirikia. Kwamba ingeletwa kwa mjumbe, akasema, mtu asife kwa kitambaa. Halafu akajirekebisha, akafanya ishara ya msalaba.

Kushuka Aosta ni basi. Baada ya Aosta ilitakiwa iwe treni hadi Ivrea, na ramani nyingi bado zinachora reli hiyo, lakini ilifungwa Januari 2024 ili iwekewe umeme, na abiria wakawa wanabebwa na mabasi. Kabla ya kuondoka fungua ratiba ya tarehe yako halisi, usiamini mstari kwenye ramani. Basi linapita bonde lilelile, ngome juu ya kila kilima, ila linachukua muda zaidi, na tuliliachia nafasi ya kutosha kabla ya treni iliyofuata.

Vercelli hadi Pavia ni treni ya polepole kupitia Mortara, katikati ya mashamba ya mpunga. Mama alikaa wima. Mpunga Italia! Umekaribia kuvunwa, majaruba hadi upeo wa macho, na korongo weupe wamesimama majini. Alitaka kujua wanapanda kwa mkono au kwa mashine. Mzee mmoja aliyekuwa mkabala wetu akamjibu kwa Kiitaliano na vidole, na walielewana kuliko mimi na programu yangu ya kutafsiri.

Pavia, katika basilika la San Pietro in Ciel d'Oro, si mbali na stesheni, wamelazwa mifupa ya Mtakatifu Augustino wa Hippo. Mwana wa Thagaste, Algeria ya leo, mwana wa Monika. Mifupa ililetwa kutoka Sardinia na mfalme Liutprand wa Walombardi mwanzoni mwa karne ya 8, na juu yake kuna mnara wa marumaru nyeupe wa karne ya 14, umejaa vinyago vidogo vya maisha yake hadi huoni pa kuweka kidole. Ni Mei tu mwaka ule Papa Leo XIV alikuwa amesimama kwenye roshani ya Mtakatifu Petro siku ya kuchaguliwa kwake na kujitaja kuwa mwana wa Mtakatifu Augustino, kwa kuwa ni wa shirika hilo. Mama alikuwa amebeba majina kwenye kikaratasi, ya watoto wa jumuiya yao wanaosumbua wazazi. Akayasoma yote. Mimi nikatoka nje nikanunua maji. Kama una siku moja tu ya kuongeza katika ratiba ya Italia, iongeze Pavia, si Firenze.

Kuanzia hapo nitakimbia, kwa sababu Italia ya reli ni nyepesi: Piacenza, Fidenza, kisha reli ya mlimani hadi Pontremoli, ambayo ina mahandaki mengi kuliko madirisha, halafu Lucca, halafu Siena. Mambo mawili tu. Tiketi ya karatasi ya treni ya Regionale lazima uigonge kwenye kimashine kabla ya kupanda. Ya simu ina namna yake ya kuthibitishwa. Mkaguzi akikukuta hujafanya hivyo, unalipa faini hata kama nauli umelipa. La pili ni migomo. Hutangazwa mapema, na siku za kazi sheria inalinda treni za mikoa kuanzia saa 12 hadi saa 3 asubuhi na tena saa 12 hadi saa 3 usiku. Septemba ile migomo ilikuwapo Ufaransa na Italia pia. Ratiba yetu ilikuwa na siku za akiba kila baada ya miji michache, na moja iliishia hivyo, Mama akifua khanga zake hotelini Lucca huku stesheni imelala.

Pengo la tatu ni Siena hadi Viterbo. Sigeric alipita Acquapendente, Bolsena na Montefiascone. Treni inakwenda Chiusi, kisha Orvieto, kisha unabadili Attigliano kupata kijitreni cha Montefiascone na Viterbo. Unaikosa Bolsena, lakini unaipata Orvieto, na kwa Mkatoliki hiyo si hasara. Mwaka 1263, kwa mapokeo, hostia, mkate wa Misa, ilitoa damu mikononi mwa padri huko Bolsena. Mwaka uliofuata Papa Urban IV akaiweka sikukuu ya Mwili wa Kristo kwa Kanisa zima. Kitambaa cha altare kilicholowa kipo ndani ya kanisa kuu la Orvieto. Stesheni iko bondeni, na kigari cha kamba kinakupandisha mjini moja kwa moja kutoka mbele yake. Mama alilipenda pengo hili kuliko treni zote.

Viterbo nako tulilala, kwenye mji ambao makardinali walikaa tangu 1268 hadi 1271 bila kuafikiana juu ya papa mpya, wenyeji wakawafungia ndani na kuwaezua paa. Kutoka hapo ni reli ya FL3, treni ya kawaida ya wafanyakazi na wanafunzi, na stesheni ya kushukia si Termini, stesheni kuu ya Roma. Ni Roma San Pietro. Kuba la basilika unaliona ukiwa stesheni, na hadi uwanjani ni mwendo mfupi kwa miguu. Sielewi kwa nini vitabu vya wageni haviisemi kwa herufi kubwa.

Siku iliyopangwa tulijipanga Piazza Pia na kundi la watu tusiowajua, tukatembea nyuma ya msalaba wa mbao kuipanda Via della Conciliazione hadi Mlango Mtakatifu. Mama alipewa msalaba aushike kipande cha njia. Wale wa pasipoti ya hija hupata cheti Roma iwapo wametembea kilomita 100 za mwisho kwa miguu. Wa treni hatupati, nilimwambia mapema ili asije akavunjika moyo. Alichukua mhuri wake wa mwisho, akafunga kijitabu, akauliza tunakula wapi.

Sasa kijitabu hicho kinazunguka WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, ya parokia yao, na mimi napigiwa simu na wamama wa Tegeta nisiowajua. Swali linaloongoza halihusu viza wala bei. Ni choo. Basi: TER na Regionale zina choo ndani, ila katika treni fupi huwa ni kimoja, na kikiharibika kinafungwa. Nenda mara tu unapopanda, usingoje. Vyoo vya stesheni kubwa vingi ni vya kulipia, sarafu za senti 50 na za euro 1 zikae mfuko wa nje. Uswisi wanataka faranga, au kadi.